Siku Ulipoanguka Nyuma ya Goli

Shomari, ndugu yangu,

Nimekaa nikifikiri nikuanzie kwa salamu gani. Aliye hai huulizwa hali. Yako wewe anaijua Mola wako, si mtu wa Temeke. Basi nakuombea rehema kwanza, kisha nikwambie bila kuzunguka: naogopa. Naogopa tangu siku ile, na leo ndiyo mara ya kwanza kukukiria wewe.

Kila mtu anajua kwamba mie ndiye niliyekuwa kando yako nyuma ya goli. Yohana, yule kijana wa Masasi wa chuo cha ualimu, alipouweka mpira chini apige penati, ulinishika mkono ukasema, "Athumani, mie siangalii. Utaniambia." Ukainamisha kichwa. Ndivyo ulivyokuwa, mtu uliyebeba magunia bandarini miaka ishirini, penati huwezi kuitazama.

Mpira ukaingia. Nikaruka. Tuliruka sote, kamba ya kutuzuia ikakatika, wanafunzi wakatumwagikia, nami nikapuliza pembe yako mpaka midomo ikafa ganzi. Nilipogeuka nikwambie, hukuwepo. Nikadhani umekimbilia uwanjani. Nikaendelea kucheza, Shomari. Nilicheza! Ndipo nikaona watu wamesimama duara, na kati ya miguu yao nikaiona miguu yako, kiatu kimoja kimekuvuka. Nilipokufikia ulikuwa umeshakwenda.

Swali lililoniingia pale pale halikunitoka tena: je, nilikukanyaga?

Jioni ile tulikurudisha nyumbani. Shemeji Hadija alinishika kanzu mbele ya watu akaniuliza, "Shemeji, alikufaje? Alisema nini?" Sikupanga kusema uongo. Maneno yalitoka yenyewe. Nilimwambia nilikupakata, nikamwambia ulitamka shahada, tena kwa sauti. Akaniachia kanzu. Akajifuta uso. Nikaona nimemfaa, na wakati uleule nikaona nimejifungia mlango. Siku ya arobaini yako shehe aliyarudia maneno yangu mbele ya msikiti mzima, akasema kifo chako ni cha kutamaniwa. Mie nilikuwa natazama mkeka.

Tangu hapo sikwenda tena chuoni. Mie na wewe ambao hatukukosa mechi hata moja! Unakumbuka watu walivyotucheka? Wewe kuli usiyejua herufi, mie fundi cherehani niliyeishia darasa la nne, tunakwenda kwa miguu kila Jumamosi kushangilia vijana wanaosomea ualimu, ambao hakuna hata mmoja aliye wa kwetu. Ulikuwa unasema, "Mama zao wako mbali. Nani awapigie makofi?" Yule mkuu wa chuo, Mzungu, alikuwa anakaa kwenye kiti upande wa kivulini na wageni wake, sie nyuma ya kamba juani. Siku moja akamtuma karani aje akuulize mwanao ni yupi. Ukamjibu, "Mwambie wote." Karani alisimama pale hajui apeleke jibu gani.

Na siku nilipomzomea golikipa wa wageni, mpira umempita katikati ya miguu, nikamwita mikono ya uji. Ulininyang'anya pembe. "Mshangilie wako, Athumani. Wa mwenzio usimtukane." Mapumziko yalipofika ukanunua chungwa kwa yule mama aliyekuwa akiuza nyuma yetu, ukampelekea yule golikipa. Nilikununia mpaka tunafika nyumbani.

Sasa nakaa na cherehani yangu. Upepo ukivuma kutoka upande wa chuo, zile kelele zinafika hadi kibarazani, na mguu wangu unasimama wenyewe juu ya kanyagio. Bao limefungwa huko. Penye watu wengi sisimami tena. Kwenye harusi nakaa mlangoni. Msikitini safu zikiinuka, natazama nyuma kama kuna aliyebaki chini. Mke wangu alitaka kuniita mganga, akidhani nimepandwa na shetani. Nikamwambia ni uchovu.

Mwezi uliopita akaja Yohana. Anamaliza chuo, na Jumamosi ile walikuwa na mechi yao ya mwisho, na chuo cha kutoka bara. Akanipa shikamoo, akakaa kwenye benchi la wateja, akaniomba nije. Nikamwambia nina kazi nyingi. Akasema, "Mzee Athumani, mie nilimwona. Nilipopiga nilikimbia kuja kwenu, nikamwona mzee Shomari yuko chini. Yule mama wa machungwa alikuwa amempakata kichwa."

Mkasi ulinianguka.

Sitakuficha, ndugu yangu. Jambo la kwanza nililoliwaza halikuwa wewe. Niliwaza: kumbe yuko mtu anayejua kwamba sikukupakata. Siku tatu nilishinda nachungulia njia. Kila mwanamke aliyebeba kapu nikamwona ni yeye, yuko njiani kwenda kwa Hadija. Nilitamani awe amehama mji. Nilitamani hata mabaya zaidi, Mungu anisamehe.

Siku ya nne nikamtafuta. Niliulizia kwa wauza machungwa mpaka nikamkuta Keko, anamenya machungwa mbele ya nyumba. Jina lake Bi Mwamvua. Nilipotaja jina lako aliweka kisu chini, akasema, "Mie sikumfanya kitu, baba. Wallahi sikumfanya kitu." Kumbe naye alikuwa anaogopa mwaka mzima! Askari wa chuo alishamkataza kuuza pale, na mtu alipofia mikononi mwake akahofu atapelekwa polisi kuhojiwa. Watu walipokusanyika akabeba kapu lake akaondoka, wala hakurudi tena kuuza pale.

Tulikaa hapo tunatazamana, waoga wawili. Kisha akanieleza. Alikuwa nyuma yetu. Alikuona ukishuka taratibu kabla Yohana hajapiga, kama mtu aliyeangusha kitu anakiokota. Akakushika makwapani, akakuburuta mpaka kwenye kapu lake. Ndipo watu wakaruka.

Nikamuuliza, "Hakuna aliyemkanyaga?"

"Hakuna."

"Una hakika, mama?"

"Nimekwambia nilimburuta kabla."

Nilimuuliza mara ya tatu, na mara ya tatu akanijibu bila kuchoka. Hapo nikalia, mtu mzima, mbele ya watoto wa watu.

Akaniambia ulifumbua macho ukauliza, "Limeingia?" Akakujibu, "Limeingia, baba." Ukatabasamu. Akakusomea shahada sikioni na midomo yako ikacheza. "Kama alitamka au hakutamka," akasema, "ajuaye ni Mungu. Mie siwezi kumsemea maiti."

Yeye hawezi. Mie niliweza.

Jumamosi ya mechi asubuhi nilikwenda kwako. Nilipita mlangoni mara mbili bila kubisha. Hadija alikuwa uani anachagua mchele. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu ningekaa nisingeweza. Mikono yake iliendelea kuchagua, kisha ikatulia.

"Kumbe hukuwepo," akasema.

"Nilikuwepo, shemeji. Sikuona."

"Mbona ulinidanganya?"

"Niliogopa."

Akauweka ungo chini. "Nimewaambia watu wangapi maneno yako? Nimemwambia mamake. Amekufa mwezi wa Shaabani ameyashika hayo hayo."

Mama yako ukikutana naye huko, mwambie wewe.

Nilidhani atanifukuza. Akainama juu ya ungo, mabega yakaanza kutikisika, nikasikia anasema peke yake, "Mpira! Anakufa anauliza mpira!" Sikujua analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakujua. Baadaye akainuka, akajitanda kanga, akasema, "Nipeleke kwa huyo mama."

Bi Mwamvua alipotuona alisimama kama anayetaka kukimbia. Hadija hakumpa nafasi. Aliishika mikono yake miwili, akaigeuza, akavitazama viganja. Walikaa hivyo mpaka nikaona haya, nikageukia barabara.

Kelele za mpira zilikuwa zimeshaanza. Ni Hadija aliyesema twende, yeye ambaye hakuwahi kukanyaga uwanja ule. Tukasimama watatu nyuma ya goli. Wageni walipokaribia kufunga umati ulisukumana, nikamshika Bi Mwamvua mkono kama mtoto. Hakuuondoa.

Tulifungwa mawili kwa moja. Mpira wa mwisho ulikuwa wa Yohana, akaupaisha juu ya mwamba. Filimbi ilipolia alikaa chini palepale, ameficha uso. Watu wakaanza kuondoka. Wengine walimtukana. Hadija akaniuliza, "Yule ndiye Yohana?" Nikamwambia ndiye. Akapiga kigelegele. Peke yake, kirefu, uwanja umenyamaza. Watu walimtazama kama kapata wazimu. Akapiga cha pili, na Bi Mwamvua akampokea, kisha makofi yakaanza nyuma yetu. Yohana akainua uso kuangalia nani huyo.

Hadija hajanisamehe sawasawa. Chai ananipa, lakini akinipa hanitazami. Nimestahili.

Nimebakiwa na shehe, na wote waliomsikia siku ya arobaini. Nakuahidi Ijumaa hii baada ya sala nitasimama mbele yao niseme kwamba sikukupakata, wala sikusikia ulichosema, na kwamba kuna mwanamke Keko anayestahili dua zao kuliko mie. Najua watakavyoniangalia.

Pumzika, ndugu yangu. Nitakwenda hivyo hivyo, nikiogopa.

Mwenzio,
Athumani