Picha Nisizoweza Kukutumia, Mama

Michenzani, Unguja

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute una nguvu zako, na lile goti limekuachia ukasali bila kiti. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, nakula na kulala. Mzigo wa dagaa umefika. Nimewakaanga kwa pilipili, majirani wakalamba vidole, wakasema kumbe huko Ujiji nako watu wanajua kula! Hamisi, kaka yangu, najua ni wewe unayemsomea mama. Soma polepole, na ninapomsifu yeye usitie jina lako.

Mama, kwenye simu uliniuliza mambo mawili: kama studio inanilisha au nifungashe virago nirudi, na kwa nini sikutumii hata picha moja ya hao maharusi. Nianze na hilo la pili. Siwezi, mama. Sherehe ya wanawake hapa haiingii mwanamume, na picha zake ni vilevile. Hata kuzisafisha siwapelekei vijana wa Darajani, nazichapa mwenyewe nyuma ya pazia. Nikikutumia wewe, si atazifungua Hamisi kwanza? Basi nitakusimulia.

Wanaokuja studio kila siku ni wanafunzi, na wazee wanaotaka picha za pasipoti za kwendea Hija. Nawapenda, lakini kodi ya chumba inalipwa na harusi. Na harusi za mitaa hii ziko mikononi mwa Bi Time, somo anayemfunda mwari kabla ya ndoa na kukaa naye ubavuni siku ya kutolewa mbele ya wanawake. Akikukubali yeye umekubaliwa na wote. Jirani yangu alinipeleka kwake, naye akanipa harusi moja huko mtaa wa Amani, kunijaribu.

Mama weee, nilivuruga! Bi harusi amekaa kwenye kiti chake, mikono imejaa michoro ya piko, macho chini, wanawake wanaimba. Mimi na mazoea yangu ya studio za Dar es Salaam nikapaza sauti: "Bi harusi, tazama hapa! Cheka kidogo!" Maskini mtoto wa watu, akatii. Akainua uso akacheka, meno yote nje.

Nyimbo zikakatika. "Makubwa!" akasema shangazi yake. "Mwari anacheka! Kafurahi kuondoka kwao huyu!" Mwengine akadakia, "Na huyu mbara kaletwa na nani?" Mama wa bi harusi akajifunika uso kwa mtandio wake. Nilitamani ardhi ipasuke.

Bi Time akanivuta mlangoni. "Kwenu mwari hucheka?"

"Sijui, Bi Time. Nilikojifunza kazi kila mtu huambiwa acheke."

"Basi ungeuliza, kuuliza si ujinga. Anaondoka kwao, ana nini cha kuchekea? Haya, rudi ndani ufanye kazi yako, na macho yake yaache yalipo."

Nikarudi ndani. Nitapigaje uso usionitazama? Hapo nikakukumbuka wewe, mama. Ulipokuwa ukisuka wateja wako barazani, watu waliona nywele tu. Mimi mdogo nimekaa mkekani miguuni pao, naziona nyuso walizoziinamisha: huyu anasinzia, huyu anauma meno kwa maumivu, huyu ana lake moyoni. Basi nikavua viatu, nikakaa mkekani mbele ya yule binti, kamera nikaielekeza juu. Macho yake yakaniangukia mimi. Mama, alikuwa analia. Machozi yanadondoka kimyakimya kwenye mikono ile ya piko, na katika wote waliosimama mle ndani hakuna aliyeyaona. Nikapiga.

Lakini maneno ya yule shangazi yalishatoka, yakazunguka mitaa: binti kacheka siku ya kutolewa, kumbe alikuwa amechoka na kwao. Jina la mtoto wa watu limechafuka kwa mdomo wangu mimi! Nilikosa raha kabisa. Hakuna mtu wa harusi aliyekanyaga studio, nikaanza kuulizia nauli ya kurudi. Ndiyo maana siku ile kwenye simu nilikujibu kwa mkato. Unisamehe.

Kisha mama wa bi harusi akaja na Bi Time kuchukua picha zake. Hakutaka hata kukaa. Nikampa ile kwanza. Akaitazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Huyu analia," akasema.

"Naam, Bi. Baada ya kile kicheko, mpaka mwisho."

Akakaa palepale chini akalia kwa sauti. "Wananambia kafurahi kuniacha. Nami nshaanza kuamini." Hata Bi Time alijipangusa kwa pembe ya buibui. Halafu yule mama akaitia picha kifuani, akaenda kuwaonesha wanawake nyumba kwa nyumba. Alianza kwa yule shangazi!

Jioni Bi Time akarudi peke yake. "Wiki ijayo natoa mwari mwengine. Uje, mkeka nshakuwekea."

Basi mama, jibu la swali lako la kwanza ni hilo. Studio inanilisha, sirudi kukaa. Nitakuja kukuona, lakini kazi yangu iko hapa. Wewe ulisema kamera si kazi ya mtoto wa kike, na kumbe ni wewe uliyenifundisha. Ahsante, mama. Ahsante sana.

Nisalimie mama mdogo anayeuza mawese, na shangazi Mwamvua aliyenishonea gauni la safari. Hamisi, wewe nakusalimia hapahapa, na mkeo pia.

Jambo moja limenikaa moyoni tangu yule mama alipolia studio kwangu. Siku naondoka, pale stesheni ya Kigoma, nilikuwa nacheka na kukupungia mkono mpaka treni ikaondoka. Nimesikia ulimwambia shangazi Mwamvua, "Mwanangu kafurahi kuniacha." Mama, nililia mpaka Tabora.

Nipe radhi zako.

Binti yako,
Zaituni