Nani Kanisema Makao Makuu?

Mkuti, Masasi
Jumapili

Kwa kaka yangu Salmini,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu Mama Faidha na watoto wote, na kwamba Mama magoti yamempungua kuuma sasa baridi ya huko juu Newala imeanza kulegea. Sisi huku Masasi hatujambo, jua tu ndilo linatuonea. Mimi mdogo wako mwili ni mzima. Moyo ndio umekuwa na homa yake, na ndiyo sababu ya kukuandikia.

Najua utashangaa. Mtu ana simu mbili, anashika kalamu kama enzi za babu, halafu anampa barua jirani yake Mwanne aje nayo mpaka mlangoni kwako kwa kuwa anakuja kuuza dagaa. Uliponipigia majuzi uliniuliza mbona nakujibu ndiyo na hapana tu kama mtu aliye kituo cha polisi. Kaka, nilikuwa naogopa. Sikujua nani anasikiliza. Isome mwenyewe, na tafadhali usimpe mtu aipige picha akaitupia kwenye kundi la familia.

Unajua ofisi yetu ya pembejeo imeletewa programu mpya kutoka makao makuu Dar. Jina lake la Kizungu ni refu, sisi tunaiita Jamvi, maana wote tumekalishwa humo, sisi wa Masasi, wenzetu wa Lukuledi na Newala, mpaka wakubwa. Humo ndimo tunamotoa taarifa za salfa ya kupulizia mikorosho iliyobaki ghalani, humo ndimo tunamofanyia vikao kwa video, na kila mtu ana kitone cha kijani kando ya jina lake cha kuonyesha kama yupo kazini au kaenda zake chai. Ukisoma ujumbe, mwenzio anaona umesoma. Ukianza kuandika ukaghairi, anaona pia kuwa ulikuwa unaandika. Mimi tangu siku ya kwanza sikuipenda. Nyumba gani hiyo isiyo na uani?

Hamudi, mtunza ghala wetu, ambaye habari zote za kompyuta za dunia anazisoma yeye, alitusimulia siku moja wakati wa chai kwamba ile kampuni ya ng'ambo iliyoitengeneza Jamvi imenunuliwa na kampuni kubwa zaidi, na wenye mali wapya wanajisifu kuwa wametia humo akili ya mashine ili sehemu za kazi ziwe na amani. Yasinta, mhasibu wetu, aliuliza kama hao matajiri wapya watatuletea na kalenda za bure. Tukacheka, tukaendelea na maandazi yetu.

Sasa nije kwa Vitalis. Bwana shamba wetu, yule Mngoni wa Songea aliyekuja kwako Idi, akala pilau sahani tatu, halafu akakudai na nauli ya kurudia. Unajua jinsi Wayao na Wangoni tulivyo watani. Tangu alipohamia hapa hatujawahi kusalimiana kama binadamu. Yeye akiniona tu ananiita mateka wa babu yake aliyesahauliwa njiani, nami namwambia babu yake huyo alikuja Masasi kuteka watu kwa sababu kwao hakuna mwanamke aliyemtaka. Nikichelewa kazini anasema Wayao wote wamezaliwa wamelala. Akinunua shati jipya namuuliza kaliiba msiba gani. Ndiyo raha yetu, na ndiyo heshima yetu pia, wewe mwenyewe unajua mtani si mtu wa kuchezea.

Basi Vitalis akashikwa na malaria kali, akalala nyumbani siku kadhaa. Mimi nikamwandikia humo humo kwenye Jamvi, kwenye chumba chetu cha ofisi tulimo watu watano. Nilimwita Mngoni mwizi wa watu, nikamwambia asipopona mpaka Jumatatu nakuja kumzika kwa mikono yangu, jeneza nimeshanunua la bei poa, na nitamlaza kifudifudi ili akijaribu kutoka achimbe kuelekea chini. Hamudi akacheka kwa vile vikatuni vya kucheka. Kitone cha Vitalis kilikuwa kijani. Nikaona anaandika, anaandika, halafu kimya. Nikasema moyoni, leo nimempata.

Kaka, haikupita wiki nikaletewa barua ya kujieleza kutoka makao makuu. Ati nimemtishia mfanyakazi mwenzangu kumuua na kumfukia. Nimemdhalilisha kwa kabila lake. Nitaitwa mbele ya kikao cha nidhamu, na nisipokuwa na maelezo ya kuridhisha nitaachishwa kazi. Na wewe unajua kazi hii maana yake nini mwaka huu, maana nimeomba ile nafasi ya kusimamia ghala la Newala nije nikae karibu na Mama kabla hajazidiwa.

Nikaanza kujiuliza, nani kanisema? Tuko watano tu mle ndani. Nilikwenda kwa meneja wetu, mzee Erasto, nikamuuliza uso kwa uso. Akaitazama kompyuta yake kwanza, akashusha sauti, akanijibu kwa Chimakonde kwamba yeye hajui lolote. Tangu siku hiyo mambo yote ya maana anayasema kwa Chimakonde, na sisi tusiokijua sawasawa tunaokota maneno mawili matatu tunaunga wenyewe. Yasinta naye nikamwona kila nikiingia anaifunika simu yake mezani. Nikamwekea alama. Hamudi nikamkumbuka alivyocheka, nikajiambia huenda ndiye aliyecheka mbele na kuchongea nyuma. Ikawa hakuna anayemwamini mwenzake. Watu wanaacha simu kwenye droo na kwenda kuongelea ghalani kati ya mifuko ya salfa, wanakohoa wee, lakini wanaona heri wakohoe.

Halafu nikapata habari kwamba Vitalis naye ameomba ile nafasi ya Newala. Basi. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema, mtu mwenyewe huyu hapa. Ndiyo maana aliandika akaacha! Alikuwa anawaandikia wakubwa! Nilipandwa na hasira, kaka, wallahi, kwa sababu mtu baki akikusema ni mtu baki, lakini mtani akichukua utani wako akaupeleka mashitaka, huyo kakuuza na kijiji chako kizima.

Sikumgombeza. Nilimfanyia kibaya zaidi. Aliporudi kazini, bado macho ya njano, akaniambia mlangoni kwamba amefufuka na amekuja kudai jeneza lake. Nikamwambia karibu kaka Vitalis, pole sana kwa kuumwa, Mungu ni mwema. Akasubiri niendelee. Sikuendelea. Alisimama pale na tabasamu lake likikosa pa kwenda, na mimi nikarudi kwenye karatasi zangu. Nikawa hivyo kila siku. Habari za asubuhi kaka, kazi njema kaka. Siku ya tatu akaacha kunitania, akawa ananitazama tu, nami nikasema moyoni, dhamira inamsuta.

Katikati ya hayo mama yake akafariki. Bibi yule alikuwa akiishi naye hapa hapa Masasi, na alizikwa hapa hapa. Kaka, wewe umezika watani, unajua kinachotakiwa. Msiba wa Mngoni, Myao yuko wapi? Mimi ndiye niliyetakiwa kuzuia jeneza mlangoni, mimi ndiye wa kuingia kaburini na kusema sitoki mpaka nilipwe, mimi ndiye wa kuvaa nguo za marehemu na kutembea kama yeye mpaka wafiwa wacheke wakiwa na machozi. Ndugu zake waliotoka Songea walikuwa wakiulizana mtani wake wa hapa ni nani. Nilikwenda. Nilikaa upande wa wanawake, nimejifunika vizuri, nikatoa rambirambi yangu kwenye bahasha, nikampa mkono, nikamwambia pole kaka, ni njia yetu sote. Nikaondoka. Jeneza lilitoka ndani likapita moja kwa moja, hakuna aliyelizuia. Nilifanya kwa makusudi, kaka, na njiani kurudi nilijiona nimemkomoa.

Kikao kikaja Jumatano. Kilifanyika kwenye Jamvi hilo hilo, sisi tumebanana chumbani kwa mzee Erasto, na kwenye kioo yupo mama mmoja wa makao makuu anayeshughulika na wafanyakazi, pamoja na fundi wao wa kompyuta, kijana anaitwa Cecil. Nilikuwa nimejiandaa. Nilisema sitajibu lolote mpaka nimjue aliyenishitaki, asimame nimwone. Yule mama akashangaa, akamwambia Cecil aeleze. Cecil akasema, kwa upole kabisa, kwamba hakuna aliyenishitaki. Programu yenyewe inasoma kila kinachoandikwa, ikikuta maneno ya kuzika na jeneza na kabila inayachomoa na kuwapelekea wakubwa. Akasema ndiyo toleo jipya lilivyo tangu kampuni ibadilishe mikono, na tulitumiwa tangazo. Hamudi alijishika kichwa. Yasinta alianza kulia, na baadaye akaniambia alikuwa akinifunikia simu kwa kudhani mimi ndiye ninayewachongea wengine.

Nilikuwa bado sijaimeza hiyo, yule mama akamgeukia Vitalis. Akamuuliza kama ujumbe ule ulimtisha. Vitalis akasema ule ujumbe aliusoma akiwa na homa, ukamchekesha mpaka akaanza kumjibu Myao yule, usingizi ukamchukua simu ikiwa mkononi. Haukumtisha. Akasema kilichomtisha ni siku alipomzika mama yake, mtani wake akaja akakaa kama mgeni na akampa pole kama ya mtu wa benki. Akasema hapo ndipo alipojua kwamba siku akifa yeye huku ugenini hana mtu.

Kaka, mzee Erasto aliangalia chini. Yule mama wa Dar hakuelewa, akauliza kwa hiyo hakuna malalamiko? Vitalis akasema hakuna. Wakafuta shauri langu pale pale, wakatushukuru kwa ushirikiano, wakazima. Kazi yangu ninayo. Sikusikia furaha hata chembe.

Jioni ile nilikwenda kwake, nikamwomba anipeleke kaburini kwa mama yake. Hakuniuliza kwa nini. Tulipofika nilivua viatu, nikajifunga khanga vizuri, nikalala juu ya lile tuta la udongo, nikamwambia siondoki mpaka nilipwe haki yangu. Mwanamke mzima, kaka, nimelala makaburini udongo mpaka kwenye nywele. Alisimama akanitazama muda mrefu. Nilidhani ataondoka aniache, na ningestahili. Halafu akaniuliza simu yangu iko wapi. Nikamwambia nimeiacha nyumbani chini ya godoro. Akageuka akatazama kulia na kushoto, akachuchumaa karibu na sikio langu, ndipo akaniambia niinuke, mateka wa babu yake, ninamkandamiza mama yake kwa uzito wa gunia la korosho mbichi, na nikizidi kujilaza ataniongezea udongo juu bila malipo. Akanitupia shilingi mia tano. Nililia, naye alilia.

Lakini alinitukana kwa kunong'ona, kaka. Makaburini, watu wawili tu na wafu, mtani wangu alinitukana kwa kunong'ona.

Habari ya ghala la Newala bado haijaamuliwa. Akipata yeye, mpokeeni, na mpikieni hizo sahani tatu. Nipate mimi au nisipate, nitakuja kumwona Mama mwezi ujao, Inshallah. Mwambie wifi nimempatia Mwanne kitenge chake cha kijani alichoniagiza, na watoto wagawane bagia nilizomfungia humo kabla hazijapoa zaidi. Ukitaka kunijibu, mpe Mwanne huyo huyo, anarudi Alhamisi.

Nisalimie wote wanaoniulizia. Mama mbusu mikono kwa niaba yangu. Wasalaam.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Zuhra