Matangazo Nimeyafuta, Mama Mkwe Bado Anasubiri Mimba

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie, maana nina furaha kubwa na sijui pa kuitolea. Mimi ni mshona mapazia, mume wangu ni mhasibu, tunaishi na mama yake, na kompyuta ni moja tu, ya sebuleni, kila mtu anaitumia, na baada ya kukosa mtoto muda mrefu tumekubaliwa kuasili binti wa miaka mitatu, mcheshi, anaongea kama redio, ila hatujamwambia mtu, basi mimi kwa furaha nikawa natazama mtandaoni vitanda vya watoto na viatu vidogo, kumbe tovuti zile zinaacha vidakuzi, yaani faili ndogo za kukumbuka nani katazama nini, mama mkwe akifungua habari zake anakuta matangazo ya vitanda vya watoto yamejaa pembeni, siku moja akapiga vigelegele, "Mwanangu, mbona mnanificha? Una mimba!" Nikababaika, sikukana, na tangu hapo ananipokonya hata ndoo ya maji, na mawifi zangu wote ameshawapigia simu.

Nikahangaika mwenyewe mpaka nikapata programu ndogo ya kuongezea kwenye kivinjari, inakuonyesha kila kidakuzi na kimetoka wapi, vya kazi ya mume wangu nikavibakiza, vya maduka nikavifuta kimoja kimoja, matangazo yakatoweka, nikajiona bingwa. Mume wangu akacheka, "Umemaliza kazi. Sasa tunyamaze, mtoto akija tutajua la kusema." Lakini mshauri, mimi mtoto huyu simwonei haya, najivunia, nifanyeje?

Mama Mtarajiwa

JIBU

Hongera, dada yangu! Sasa niambie, uliposingiziwa mimba ukanyamaza, ulifikiri tumbo litatoka wapi? Lisipotokea, mama mkwe atadhani imeharibika, atalia msiba ambao haupo, na katikati ya kilio hicho ndipo mumwingize binti yenu? Hapana.

Kompyuta umeiweza, tunakuvulia kofia. Programu hiyo ibakize, ipange ifute vidakuzi vya maduka kila mnapofunga kivinjari, vya benki na vya kazi vibaki, na mama mkwe mfungulie akaunti yake humo humo. Ila hakuna programu ya kufuta yaliyomo kichwani mwa mama mkwe.

Mumeo anamwogopa mama yake, hilo tu. Aanze yeye kusema. Jumamosi hii, mkiwa watatu, bila mawifi, aseme wazi kwamba hakuna mimba, nawe uombe radhi kwa kunyamaza. Atakasirika. Mwacheni akasirike.

Akitulia, mwonyeshe picha ya binti. Mtajie jina lake, anavyoongea, anavyocheka, na viatu ulivyomchagulia. Usiongee kama mshtakiwa. Ringa kama mama anayemsifia mwanawe. Kisha mwombe muende wote kumchukua kwenye makao ya watoto. Mtoto huyo akitoka mlangoni, amkute bibi yake amesimama pale, amempanulia mikono.