Mama Hataki Jenerali Afike Mwisho wa Safari

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Miaka yote nimekuwa nikisoma ukurasa wako na kuwacheka wenye shida, leo zamu imenifikia mimi, nisaidie.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu kando ya duka la dawa, na wateja wakipungua huwa naandika riwaya kwa simu na kuiweka mtandaoni sehemu kwa sehemu. Ni hadithi ya mwanamke anayeitwa Jenerali, anavuka mlango mmoja anaingia dunia nyingine, huku anabomoa ngome ya mfalme dhalimu, kule anamfukuza joka kwenye visima vya watu, pengine anakaa kitini kuwahukumu majini, na hakuna mwanamume wa kumwambia kaa chini akakaa. Wasomaji wamekuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Ila ukweli ni kwamba Jenerali ndivyo tulivyomwita dada yangu mkubwa, fundi umeme, mwanamke wa kupanda nguzo huku akiwafokea walio chini, na dada aliugua ghafla akafariki, nami nikaanza kuandika kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Sikumwambia mama. Aliisikia kwa jirani aliyekuwa akiisoma kwa sauti huku wanachambua mboga, na walipofika pale Jenerali anapomwambia adui yake kwa msemo wa dada mwenyewe, "Kama huna kazi, kashikilie ukuta usianguke," mama akaweka kisu chini, akaja mpaka kibandani na kandambili zake za ndani, akasimama mlangoni akasema, "Huyo ni mwanangu. Yuko wapi sasa hivi?" Mshauri, ningemjibu nini? Nikasema yuko kwenye dunia ya mito, mama, anajenga daraja. Akaketi akaniambia nimsomee.

Tangu hapo mama anakula, anacheka, na mwanzoni nilimshukuru Mungu. Lakini nguo za dada hataki ziguswe, shangazi walipokuja kuzungumza habari za kaburi aliwajibu kuwa mwenyewe yuko safarini, na siku niliyoandika Jenerali kachomwa mkuki begani mama hakutoka chumbani, nilipogonga akasema kwa sauti ndogo, "Mara ya pili siwezi, mwanangu." Nikamponya Jenerali jioni ile ile. Kaka yetu amenijia juu, anasema namlisha mama upepo. Na hadithi yenyewe imefika ukingoni, umebaki mlango mmoja, wasomaji wanadai mwisho, nami nimechoka hata kitambaa nakikata upogo, na juzi mama kanishika mkono akaniambia, "Usimfikishe popote. Mwache atembee tu." Nikimaliza, namzika dada mbele ya macho yake, nisipomaliza, mama ananipotea. Nifanyeje?

Fundi wa Kibandani

*

Marahaba, Fundi, na pole, pole sana. Kwanza ondoa kichwani wazo kwamba umemharibu mama yako. Alikuwa hataki kula, sasa anakula. Huo haukuwa upepo.

Lakini nitakugombeza kidogo. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali uliposema kwamba wewe umelia, sikupaona. Umejifanya dawa ya mama, na sasa chupa inaisha unashangaa. Halafu huyo Jenerali wa kwenye simu hashindwi hata siku moja. Dada yako alishindwa, alinuna, nina hakika aliazima nguo zako asirudishe. Huyo ndiye mama aliyemzaa, na huyo ndiye hakuna anayemtaja nyumbani kwenu, maana nyote mmejibanza nyuma ya mwenye upanga.

Funga kibanda mchana mmoja. Mwite kaka yako, na usimwendee kwa ubishi. Naye alikuwa na dada. Kaeni na mama, mkiwa watatu, simu ibaki mbali. Mtajeni marehemu kwa jina alilopewa na mama yake, semeni amefariki, tena kwa neno hilo hilo. Unaogopa kwamba mama hajui? Asiyejua hasemi "mara ya pili siwezi." Anajua kuliko ninyi, ila hajapata wa kujua naye.

Hadithi usiimalize kwa siri, wala usimuue Jenerali kwa sababu wasomaji wanapiga kelele. Mwulize mama angependa binti huyo apumzike katika dunia ipi, uandike hivyo, na yeye aisikie kabla ya mtu mwingine yeyote. Wasomaji watasubiri, kusubiri hakujamuua mtu. Nguo ziacheni mpaka mama mwenyewe afungue kabati. Akirudi kukataa chakula na siku zikapita, mpelekeni hospitali bila kuona haya, huzuni nayo ina wataalamu wake.

Na siku hiyo mkiwa mmekaa, mama akianza kulia, usikimbilie kumtungia dunia nyingine. Baki hapo hapo, mshike, na wewe ulie.