Pweza wa Mzee Adelino

Jumapili, 20 Disemba 1998

Chungu cha kwanza. Kunde nimeloweka, unga wa sambusa nimekanda. Mkahawa mtupu mchana kutwa, watu wote wa Unguja na Dar wamefunga. Kichwa kinauma kwa kukosa chai.

Alasiri kaingia Kasongo, yule Mkongo wa Lubumbashi anayenunua nguo za Kichina hapa soko la Zhanqian. Hakukaa.

"Mama Rahma, beau-père anakuya kesho kutwa. Uniokoe!"

Beau-père ni mkwe, kwa Kifaransa chao. Na ukwe wenyewe bado. Ni babake Lurdes, mwalimu wa Kireno ambaye Kasongo anataka kumwoa. Mzee analima zabibu za mvinyo huko Ureno, kwenye bonde la mto Douro. Anakuja kula Krismasi na kumtazama kijana. Lurdes kamwahidi chakula cha kwao cha mkesha. Lurdes hajui kupika. Anajua kuchemsha mayai.

Nimekubali kabla sijafikiri. Ndivyo nilivyo.

Jumatatu, 21 Disemba

Lurdes kaja kunieleza mapishi. Kiswahili chake kafundishwa na Kasongo, kwa hiyo ni cha Kikongo kitupu, lakini tunaelewana. Samaki mkavu wa chumvi, wa bahari za baridi. Babake anakuja naye begini. Viazi, kabichi, mayai, vitunguu saumu. Vyote vya kuchemsha. Halafu mafuta ya zeituni mpaka sahani iogelee.

Nikangoja ataje viungo. Hakuna. Si nazi, si pilipili, si bizari. Nikamuuliza mara ya pili. Hakuna.

Kisha akanitajia kitamutamu chao: tambi, maziwa, sukari, mayai, ganda la limau, mdalasini juu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tambi! Watu wa milimani Ureno wanakula tambi sikukuu kama sisi.

Shida moja. Nimefunga, siwezi kuonja. Nitapikaje chakula ambacho sijapata kukila, bila kuonja? Kasongo anasema ataonja yeye. Hafai. Wiki hii kila kitu kwake kitamu.

Jumanne, 22 Disemba

Mzee Adelino kafika. Begi lake halikufika. Na samaki yumo humo.

Wamemleta kwangu moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege. Mfupi, koti zito, viganja vigumu kama gome. Mimi kanipa mkono vizuri. Ila Kasongo, mzee kampa ncha za vidole na kutazama pembeni. Kisha akatoa kifuani chupa ya mvinyo wake mwenyewe, akaiweka mezani.

Nikasema hapana. Pombe haiingii humu, na hii Ramadhani. Lurdes akatafsiri, uso mwekundu. Mzee akairudisha chupa kotini.

Sijutii nilichosema. Nilivyokisema ndivyo vibaya, mkali kama namfukuza. Kasongo hakula chochote. Nimejichukia.

Jumatano, 23 Disemba

Tumekwenda watatu, mimi, Lurdes na mzee, kwenye mtaa wa maduka ya samaki wakavu. Duka la kwanza: meiyou, hakuna kwa Kichina. La pili, meiyou. Meiyou mpaka mwisho wa mtaa. Mzee anazidi kubaki nyuma. Lurdes analia kimyakimya, anasingizia vumbi.

Mara mzee akapiga kelele. Nikadhani kaibiwa. Kumbe kasimama chini ya pweza wakavu waliotundikwa kama soksi kuukuu. Anasema haraka haraka, Lurdes anamkimbiza kwa tafsiri. Utotoni kwao, mbali na bahari, yule samaki wa chumvi alikuwa wa wenye uwezo. Wao walikula pweza mkavu aliyepandishwa kwa treni. Hiyo ndiyo iliyokuwa Krismasi yao. Tangu mamake afe hajamla tena.

Nikamwambia bibi yangu Makunduchi alianika pweza kwenye kamba ya nguo. Akaonyesha kwa mikono jinsi mamake alivyompondaponda. Nami nikamwonyesha alivyofanya bibi. Tumesimama barabarani tunapiga hewa, mwenye duka hoi kwa kicheko.

Tumenunua wa kulisha kijiji. Njia nzima tumegombana: yeye anataka aroweshwe maji baridi, mimi ya moto. Tumerowesha mafungu mawili.

Alhamisi, 24 Disemba

Siku gani hii!

Mzee kaja jikoni saa nne, kakunja mikono ya shati. Amekuwa ulimi wangu. Akiinua kidole, naongeza chumvi. Akifumba macho, imekaa sawa. Nilipogusa kopo la pilipili alinifunika mkono. Maji baridi yameshinda, nakiri. Pweza wake laini, wangu mpira.

Kabla ya magharibi meza tayari. Kasongo kavaa tai, jasho linamtiririka. Akashika uma. Mzee akamzuia mkono, akaninyooshea mimi kidole: mpishi hajala. Basi tukakaa wote tunatazama mvuke, mpaka adhana ikatoka kwenye saa yangu ya ukutani, ya kuadhini. Nikampa tende. Akaila.

Pweza na viazi na saumu na mafuta. Hakuna kiungo hata kimoja, na mtamu! Sikutegemea. Nimeongeza mara mbili.

Mzee akafuta sahani kwa mkate, akamgeukia Kasongo, akasema maneno mengi. Lurdes mkono mdomoni.

"Lurdes, sema basi!" Kasongo sauti imekatika.

"Anasema ndoa iwe kwake, mwezi wa tisa, siku za kuvuna. Anasema ukuje mapema, kuna vikapu vya kubeba."

Nilipiga vigelegele. Wateja waliokuja kufuturu wakaitikia bila kujua kuna nini. Kasongo alimkumbatia mzee mpaka kiti kikaanguka.

Tambi nilizitia hiliki. Mzee akakunja uso, akadai kwao haitiwi, akaongeza sahani. Chupa wamekwenda kuifungua kwa Lurdes. Mzee mwenyewe kasema hivyo, sikumwomba.

Ijumaa, 25 Disemba

Miguu inauma. Nimefurahi tu.

Jumamosi, 26 Disemba

Mvua nyembamba. Mzee kaja peke yake, Lurdes yuko kazini. Hatuna hata neno moja la kusemeshana. Kavuta kiti karibu na jiko, kachukua kisu na bakuli la vitunguu saumu, kaanza kumenya. Mimi nachagua mchele. Hivyo tu, asubuhi nzima.

Kabla ya adhuhuri kalala hapo hapo, kidevu kifuani. Nimemtoa kisu mkononi polepole, nikapunguza moto.