Hapa Pana Watoto

Dada Skola,

Nisamehe kukaa kimya muda wote huu. Mtoto na kazi ya kamati ya afya kambini kwa wakimbizi vimenimaliza. Juzi asubuhi, ukungu ukiwa bado chini, tulisimamisha hema la chanjo ya surua. Akina mama wa Kirundi wakasimama mbali na watoto wao, hawataki kusogea. Mmoja akasema, "Hano hari abana," yaani hapa pana watoto. Daktari, mtu wa Dar, alipotafsiriwa akafurahi. "Basi walete."

Wale mama wakazidi kurudi nyuma. Mimi Muha, jirani yao kwa lugha na mila, nikaelewa: ni watoto waliozikwa pale bila msalaba wakati wa kipindupindu. Nikamwambia, "Daktari, hema lihame, la sivyo hawachanjwi." Tukahamia ng'ambo ya barabara, wote wakaja.

Ila Neema wangu kila akipewa uji anarudi pale tulipolitoa hema. Anamwaga kijiko chini, anasubiri, anacheka. Nimemkataza, anasema mwenzake anasikia baridi.

Nisalimie mama kwa upendo, hili usimwambie. Nitumie sabuni ya mche, chumvi, kitenge cha kubebea na sweta za mtoto. Mbili, dada, zinazolingana.

Mdogo wako, Daforoza