Presha ya Mshauri wa Lishe

Debora, acha unachofanya. Rafiki yako Thobias, yaani huyu anayekuandikia, ameaibishwa na mashine.

Leo aliwakusanya watu wazima wasioona hapa Msalato, awafundishe kupunguza chumvi na kutembea kwa mazoezi kila Jumamosi. Mama Paulina akagoma kupimwa presha. Kila akipimwa, majibu anaambiwa binti yake, kana kwamba mwenyewe ni gunia la mahindi lililoshushwa kutoka soko la Kibaigwa. Akasema haji tena.

Thobias akaeleza, kwa ufasaha wake wote, kwamba mashine hii mpya hutamka majibu ili mpimwaji asikie mwenyewe. Kuthibitisha kwamba haina madhara, akajipima yeye.

Ikatamka, Debora. Kwa sauti!

"Mia na sabini kwa mia na nane. Presha iko juu sana."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Daktari, jana ulikula nini?" akauliza Mama Paulina.

Si daktari. Na alikula chipsi mayai. Akasema mchicha.

MCHICHA, Debora.

"Mchicha gani huo, baba?" akacheka Mama Paulina.

Kisha akanyoosha mkono apimwe. Akasikiliza majibu yake mwenyewe hadi mwisho, bila kupitia kwa binti yake.

"Yangu afadhali," akasema. "Jumamosi nakuja kutembea. Na wewe uje, nitakushika mkono usianguke."